Maziwa ya Fundi Rangi

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu akiwa chumba cha mbali. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Kijiko alifumbua macho gizani akaisikiliza. Haikuwa birika, maana jiko lilikuwa halijawashwa. Haikuwa upepo mlangoni pia. Ilitoka upande wa pili wa pazia, walikolala wazazi wake, na ilitoka kifuani mwa Baba.

Kitanda kililia, miguu ikagusa sakafu. Baba alikohoa mara tatu, akakaa. Mama alimuuliza jambo kwa sauti ya chini, naye akajibu kwamba ni vumbi tu la kazini, litatoka.

"Vumbi la miezi mitatu si vumbi tena," Mama alisema. "Huyo ni mpangaji."

Baba akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Muda mfupi baadaye Mama aliwasha taa, siku ikaanza kama siku zote: chai, kufagia uwanja, kutafuta soksi ya pili.

Kijiko alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Baba alipokuwa bado anajifunza kutembea, kwa sababu akishakula uji hakukubali kuachia kijiko, hata usingizini. Baba mwenyewe alikuwa na jina lake la kazini. Katika gereji ya mtaa wa pili, alikofanya kazi kwa miaka tisa, alijulikana kama Fundi Rangi. Walikuwapo wapaka rangi wengine, lakini jicho lake lilikuwa la peke yake. Alitazama mlango wa gari uliofifia kwa jua, akachanganya rangi kidogo kidogo kwenye kopo, na alipomaliza, mwenye gari alizunguka mara mbili akiutafuta mlango uliotengenezwa.

Rangi ya magari ilikuwa ya makopo mawili. Kopo kubwa lilikuwa la rangi yenyewe, na dogo lilikuwa la dawa ya kuigandisha ili iwe ngumu na ing'ae. Baba aliyachanganya, akamimina kwenye bunduki ya rangi, kompresa ya kusukuma hewa ikavuma, na rangi ikatoka kama ukungu hadi ukuta wa pili usionekane. Puani alifunga kitambaa cha pamba. Barakoa za mpira zilikuwapo mbili kabatini, lakini zilikuwa zinabana na kutoa jasho, na isitoshe, mafundi wa rangi walikuwa na kinga waliyoiamini zaidi. Walikunywa maziwa.

Nani aliyeanzisha jambo hilo hakuna aliyejua. Kila fundi aliambiwa na fundi aliyemfundisha kazi, na huyo aliambiwa na wake. Walisema maziwa huosha kifua. Rangi ikiingia, maziwa hupita juu yake na kuiteremsha, na kesho mtu anaamka mzima. Msasa, aliyepiga msasa na kupaka rangi pamoja na Baba, alipenda kusema kwamba mwenye maziwa hana haja ya kufungwa mdomo kama ng'ombe wa shambani.

Kupeleka maziwa ilikuwa kazi ya watoto. Kila siku ya kazi, baada ya shule, Kijiko alichukua chupa yake nyumbani, na binti wa Msasa akachukua ya kwao, wakafuatana hadi gerejini. Binti huyo na Kijiko walisoma darasa moja, na kwa urefu wake wote walimwita Twiga. Njia ilipita kando ya uwanja wa mpira, na pembeni mwa uwanja palikuwa na bomba la maji.

Mambo yalianzia hapo bombani. Siku moja ya jua kali, Twiga alifungua chupa akanywa funda moja, akampa Kijiko macho ya kumchokoza. Kijiko naye akanywa. Maziwa yalikuwa baridi na matamu. Kisha wakaona kwamba yamepungua chini ya shingo ya chupa, wakaongeza maji ya bomba hadi pale yalipokuwa. Hakuna aliyegundua. Wiki iliyofuata mafunda yalikuwa mawili. Mwezi ulipokwisha, chupa zilifika gerejini zikiwa nusu maziwa, nusu maji.

Msasa aliinua yake kwenye mwanga siku moja, akaitikisa. "Ng'ombe wa siku hizi," alisema, "wanakunywa maji kuliko wanavyokula majani."

Ilibidi Twiga ageuke na kujifanya anafunga kiatu.

Ilikuwa raha, mpaka kifua cha Baba kilipoanza kupiga mluzi. Kijiko alikaa na hesabu hiyo akilini na kila mara ilimpa jibu lile lile. Maziwa humlinda Baba. Maziwa yamepunguzwa. Aliyeyapunguza ni yeye. Alimwambia Twiga kwamba labda waseme. Twiga alimwangalia kutoka juu.

"Baba yangu anakunywa haya haya na anapumua kama trekta," alisema. "Na ukijisema wewe, umenisema na mimi."

Kijiko akanyamaza. Hata hivyo funda lake likawa dogo, naye akajiambia kwamba kupunguza ni sawa na kuacha.

Kisha transfoma ya mtaa wa pili ikaungua. Bila umeme kompresa haikuvuma, na gereji ikafungwa siku nane. Baba hakujua kukaa bure. Alipanda juu ya paa la jikoni akabadilisha mabati, akabeba matofali ya kujengea kibanda cha kuku, akachimba shimo la takataka. Kwa kuwa hakukuwa na kupaka rangi, hakukuwa na chupa ya maziwa. Desturi ilikuwa ya siku za kazi tu. Kijiko alitarajia kwamba mluzi ungezidi. Badala yake, usiku wa nne alilala macho akiusubiri, akausubiri, mpaka akapitiwa na usingizi. Asubuhi Baba alikuwa anaimba akinyoa ndevu. Mama alisema mpangaji amehama bila kuaga. Baba akasema ni mapumziko, mwili nao ni mashine.

Umeme ulirudi Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo, saa mbili za usiku, wakiwa mezani, mluzi ulirudi. Safari hii Baba alishindwa kumaliza chakula. Aliweka mkono mezani, mabega yamepanda, akasubiri pumzi kama mtu anayesubiri maji yatoke bombani. Ilipotulia alitoa maelezo yake: siku nane hajagusa maziwa, kifua kimekauka, kimekuwa laini. Dawa ni kuongeza. Kuanzia kesho Kijiko apeleke chupa mbili.

Kijiko aliacha kabisa. Hakugusa hata tone. Twiga alikunywa peke yake pale bombani, akimcheka na kumwita mtawa. Kwa siku tatu chupa mbili zilifika gerejini zikiwa nzito na nyeupe kabisa, na Baba akazinywa hadi mwisho. Na kwa siku tatu hizo kifua chake kikazidi kuwa kibaya. Jambo hilo lilimchanganya Kijiko kuliko yote yaliyopita. Alikuwa amelirekebisha kosa lake, na kosa halikurekebika.

Siku ya nne, Ijumaa, palikuwa na basi zima la kupakwa rangi, na mwenye gereji alitaka likamilike kabla ya Jumatatu. Kijiko alipofika na chupa zake, kompresa ilikuwa imezimwa na chumba cha rangi kilikuwa wazi, ukungu wa buluu bado ukitoka. Baba alikuwa nje, amekaa juu ya kopo lililogeuzwa, mikono juu ya magoti. Shingo yake ilikuwa imetoka mishipa. Alimwona Kijiko akataka kusema neno, likatoka nusu. Kila pumzi ilikuja na mluzi ambao mtu wa ng'ambo ya barabara angeusikia.

Msasa alinyakua chupa mkononi mwa Kijiko, akaifungua na kuiweka mdomoni mwa Baba, akimhimiza anywe, anywe yashuke. Baba hakuweza kumeza. Maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo yakateremka kidevuni hadi kwenye ovaroli.

Kijiko aliyatazama yakiteremka, na kitu alichokijua tangu muhula uliopita kikamjia. Mwalimu wa sayansi alichora ubaoni mirija miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Wa nyuma hupeleka chakula tumboni. Wa mbele hupeleka hewa mapafuni. Ukimeza, mlango wa ule wa hewa hujifunga. Walipewa mtihani wa jambo hilo na alipata alama zote, lakini hakuwahi kulifikiria mbali na karatasi. Maziwa hayajawahi kufika kifuani mwa Baba hata siku moja, yawe mazima au yawe na maji.

"Usimpe, Mjomba," alimwambia Msasa. "Hayaendi huko."

Mwenye gereji alikuwa tayari anarudisha gari kinyumenyume.

Hospitalini walimvalisha Baba barakoa yenye bomba, dawa ikatoka kwa mvuke, na mashine ndogo ikavuma kando ya kitanda. Mama alifika na khanga imefungwa kinyume. Baada ya kama nusu saa mabega ya Baba yalianza kushuka. Ndipo daktari akavuta kiti. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia ya kuandika bila kutazama karatasi. Aliuliza kazi yake, akaambiwa. Akauliza kama anajikinga, na Baba akajibu, kwa sauti ya kujiamini kadiri pumzi ilivyomruhusu, kwamba anakunywa maziwa chupa nzima kila siku, na sasa mbili. Daktari aliandika hilo pia. Kisha akauliza: je, kuna siku anapata nafuu na siku anazidiwa? Akiwa nyumbani je? Akiwa mapumzikoni?

Baba akasema hakuna tofauti, kikohozi kinakuja na kuondoka chenyewe. Akaongeza kwamba Jumatatu angependa kuwa kazini, kuna basi limebaki ubavu mmoja.

Mama alimtazama. Kijiko aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda alijua kwamba si kweli, na alijua pia kwamba hawezi kusema si kweli kwa Baba kabla hajasema la kwake. Mkono wake ulishika chuma cha kitanda.

"Baba," alisema, "maziwa yako nilikuwa nakunywa mimi njiani. Nilikuwa nikijaza maji."

Mashine iliendelea kuvuma. Baba aligeuza kichwa taratibu. Kijiko hakungoja aulizwe, maana angengoja angenyamaza. Alieleza yote kwa mpangilio: bomba la uwanjani, funda moja, mafunda mawili, nusu chupa. Alieleza jinsi alivyodhani ndiye anayemwua Baba. Alieleza kwamba tangu Jumanne hajagusa tone, na hizo ndizo siku Baba alizozidiwa kuliko zote. Na zile siku nane umeme ulipokatika hakukuwa na maziwa kabisa, na Baba alibeba matofali na kulala bila mluzi.

Daktari aliacha kuandika. "Rudia hapo pa siku nane," alisema.

Kijiko akarudia. Daktari alimgeukia Baba na kumuuliza tena lile swali lake la kwanza, pole pole, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anauliza. Baba alishusha barakoa. Kisha akakubali kwamba Jumapili jioni huwa mzima, na Jumatatu jioni huwa si yule tena, na kwamba ameligundua hilo zamani.

"Lakini Daktari, mimi sijui kazi nyingine," alisema. "Ukiniandikia niache, umenikata mikono."

"Mimi siwezi kutibu nisichoambiwa," daktari alijibu, bila ukali. "Vaa barakoa yako, nikueleze."

Alichukua karatasi akachora mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini. Hiyo ni mirija ya hewa, alisema. Ya Baba imevimba kwa ndani, misuli inayoizunguka imejikaza, na ute umejaa njiani. Ndiyo maana hewa inapita kwa mluzi. Huo ni ugonjwa wa pumu, na ameupata kazini. Dawa ya kugandisha rangi ikiwa ukungu huvutwa pamoja na hewa, na kitambaa cha pamba kuizuia ni sawa na wavu wa samaki kuzuia moshi.

Mama aliuliza kwa nini basi hakuugua mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa nane. Daktari akasema kosa haliko kwenye udhaifu wa mwili wa Baba. Liko kwenye kinga yake, ambayo imejifunza somo baya.

"Mna mbwa nyumbani?" aliuliza.

Hawakuwa naye, lakini jirani alikuwa naye.

"Mbwa mzuri hawabwekei watoto wa nyumba. Sasa mwizi apite, amvishe mtoto wenu koti lake. Mbwa anasikia harufu ya koti, anamrukia mtoto. Ile dawa ndivyo ifanyavyo. Inajibandika kwenye vitu vya mwili wenyewe, ndani ya mirija, na kinga ikiviona haivijui tena. Inaviita adui. Mara ya kwanza inanusa tu. Inaweza kunusa miezi, inaweza kunusa miaka. Siku ikilishika somo, hailisahau. Tangu hapo, koti likipita hata kwa mbali, mbwa anaamsha mtaa mzima. Na fujo zake ndizo zinazovimbisha mirija."

Alieleza kwamba fujo hiyo pengine huchelewa saa kadhaa, ndiyo maana Baba alizidiwa jioni na alfajiri, akadhani kazini hakuna tatizo. Kijiko akauliza kuhusu Msasa, ambaye anavuta hewa ile ile na hana hata kikohozi. Daktari alisema si kinga ya kila mtu inayolishika somo hilo, na hakuna anayeweza kutazama uso wa fundi akajua ni zamu ya nani. Inaweza isije kamwe. Inaweza kuja kesho.

"Kwa hiyo si mimi niliyemuumiza?" Kijiko aliuliza.

"Hukumuumiza. Maziwa ni chakula, yanakwenda tumboni." Daktari alivua miwani. "Lakini ulikuwa na jambo la kweli mkononi, ukalifunika kwa sababu ya jambo la aibu lililokaa juu yake. Baba yako naye alifanya vivyo hivyo. Mmekaa nyumba moja, kila mmoja na nusu yake ya habari, na mgonjwa akawa anazidiwa katikati."

Mama alisema kwa upole kwamba wazee waliliweka wazi zamani: mficha maradhi, kilio humfichua. Kisha akatoa kitambaa akamfuta Baba maziwa yaliyokaukia shingoni.

Walirudi nyumbani siku ya tatu na dawa mbili za kuvuta. Moja ilikuwa ya kila siku, ya kutuliza uvimbe, hata kama mtu anajisikia mzima. Nyingine ilikuwa ya dharura, ya kufungua kifua kikibana. Walipewa pia kipimo cha kupuliza, bomba fupi la plastiki lenye mshale pembeni. Baba alipaswa kupuliza kwa nguvu asubuhi na jioni, na namba ziandikwe. Kijiko hakuchapwa wala kununiwa. Mama alitamka adhabu yake moja tu: yeye ndiye atakayeandika namba hizo, na aziandike kama zilivyo.

Haikuwa kazi rahisi kama ilivyosikika. Siku ya nne mshale ulirudi chini kidogo, na Baba, aliyetaka kumfurahisha daktari, akamwambia aongeze ishirini, nani atajua.

"Mshale haukuongeza," Kijiko alisema, akaandika.

Baba akalalamika kwa Mama kwamba ameoa hakimu na kumzaa karani.

Siku aliyolazwa mshale ulifika mia moja na themanini. Wiki mbili baadaye, bila ukungu wa rangi, ulifika mia nne na thelathini. Na hapo hapo matumaini ya zamani yakamrudia Baba. Alisema sasa amepona, na hana nia ya kupaka rangi. Anakwenda kuchukua vifaa vyake tu. Alisimama uwani gerejini, hatua kumi kutoka chumba cha rangi, akizungumza na mwenye gereji. Ndani Msasa alikuwa akipaka lori rangi. Kabla salamu hazijakwisha, kifua cha Baba kilibana. Alivuta dawa ya dharura, akatoka nje ya lango, akarudi nyumbani kwa miguu, polepole. Jioni alipuliza. Kijiko aliandika mia mbili na hamsini. Akampa Baba daftari. Baba alikaa nalo mapajani, akizipitia namba kwa kidole kutoka ya juu hadi ya chini.

"Zinasema zenyewe," alisema mwishowe.

Barua ya daktari ilimfikia mwenye gereji wiki hiyo. Alikuwa mtu mgumu kwa mambo ya karatasi, lakini ndiye aliyemwendesha Baba hadi hospitali akimsikia akihangaika njia nzima, na pumzi ile hakuisahau. Chumba cha rangi kilizungushiwa ukuta hadi juu, kikawekwa feni kubwa ya kutoa hewa nje kupitia bomba refu juu ya paa. Zikaja barakoa mpya, za aina inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na ovaroli zikawa zinafuliwa pale pale gerejini zisibebe kitu kwenda kwa watoto.

Baba alibaki na jicho lake, na jicho halina pumu. Aliulizwa na mwenye duka la vitabu kama anaweza kumwandikia bango. Aliliandika nje, uwanjani, kwa brashi na rangi ya maji, herufi nyekundu zenye kivuli cha kijivu, na watu wakasimama kulitazama. Kisha ikaja kliniki ya meno, kisha shule. Kazi ilikuwa ya taratibu na haikuwa na kelele ya kompresa. Wakati mwingine alisema anaikosa. Mshale ulikaa juu ya mia nne na ishirini, asubuhi na jioni, na kitandani hakukuwa na aliyekaa akikohoa kabla ya mapambazuko.

Jioni moja, akichora mistari ya penseli kwenye ubao wa bango, alimuuliza Kijiko kama pale bombani alikuwa peke yake.

Kijiko alifikiri. "La kwangu nimelisema," alijibu. "La mwenzangu ni lake."

Baba hakumbana. Alisema jambo moja, macho yakiwa kwenye mstari wake. "Mimi nilificha kwa kuogopa kukosa kazi, nikakaribia kukosa pumzi. Wewe ulificha kwa kuogopa kuchapwa. Ukweli tulioufanya mzito wote wawili, ulipotoka, mtu mmoja aliuinua kwa kalamu." Akapuliza vumbi la penseli. "Mkubwa au mdogo, aliye na habari ya afya ya mtu mwingine hana haki ya kuilalia. Mwambie na huyo mwenzako."

Kijiko alimwambia Twiga kesho yake, akimsindikiza njia ya gerejini. Twiga alirefusha hatua. Chupa ya baba yake ilikuwa mkononi, na walipopita bombani aligeuza uso upande wa uwanja, ingawa alama za viatu vyake za jana zilikuwa bado kwenye tope.

Gerejini walimkuta Msasa akitoka kwenye chumba cha rangi. Kitambaa kile kile cha pamba kilining'inia shingoni, chenye madoa ya kijani. Barakoa yake mpya ilikuwa kwenye msumari ukutani, bado imo kwenye nailoni yake. Mwenye gereji alikuwa akimsema, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana si mara ya kwanza. Msasa alimsikiliza kwa heshima yote. Kisha akajipiga kifua kwa kiganja, mara mbili, na kikatoa mlio mzuri kama ngoma.

Alisema Fundi Rangi ni ndugu yake na anampa pole, lakini kila mtu ana mwili wake. Yeye ana miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii. Amevuta buluu, nyekundu na kijani, amevuta basi zima na malori mawili, na hajawahi kukohoa hata kwa bahati mbaya. Na wanaotaka kujua siri wasiende mbali. Akanyoosha mkono, akaichukua chupa kutoka kwa binti yake, akaiinua ili wote waione.

"Hii hapa barakoa yangu," alisema.

Wenzake wawili walicheka. Mwenye gereji aligeuka kwenda zake. Msasa akafungua kifuniko.

Twiga alikuwa amesimama kando yake, mrefu kiasi kwamba chupa ilikuwa usawa wa macho yake. Alimtazama Kijiko, kisha akakitazama kitambaa chenye madoa.

"Baba," alisema, "hayo maziwa nusu yake ni maji ya bomba."